Nairobi Hadi New York Ni Kilomita Ngapi?

Usiku wa tarehe 28 Oktoba 2018, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 787-8 iliondoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Nairobi, na asubuhi yake ikatua katika uwanja wa John F. Kennedy, New York. Haikutua popote njiani. Kabla ya hapo, abiria wa shirika hilo aliyekuwa akienda New York alipitia Amsterdam, London au mji mwingine, akashuka, akasubiri, akapanda tena. Safari mpya ilipangiwa saa 14 hadi 15 hivi. Saa za safari kila abiria anaweza kuzihesabu mwenyewe akitazama saa yake ya mkononi. Kilomita je? Nani alizipima, na alizipimaje, ilhali hakuna aliyewahi kuvuta kamba kutoka Embakasi, Nairobi, hadi ng'ambo ya Atlantiki?

Sura hii inajibu swali hilo kwa hesabu ambayo msomaji anaweza kuifanya mwenyewe kwa simu. Haizidi hesabu ya kidato cha nne. Nimeichagua safari ya Nairobi na New York kwa sababu ni ndefu kiasi cha kuumbua kila njia ya mkato: ukikosea kidogo katika safari ya Nairobi na Mombasa hutajua, lakini ukikosea hapa utatupwa mbali kwa mamia ya kilomita. Nasisitiza msomaji ajihesabie mwenyewe, maana umbali ndio unaoamua mafuta yatakayobebwa, mizigo itakayoachwa, na wakati mwingine hata fidia ya abiria aliyecheleweshwa. Anayejua kuutafuta hategemei kuambiwa.

Tuanze na njia ambayo karibu kila mtu huifikiria kwanza. Chukua ramani ya dunia, ile ya ukutani darasani, weka rula kati ya miji miwili, pima, kisha zidisha kwa kipimio kilichoandikwa pembeni. Mstari wa rula utapita Jamhuri ya Afrika ya Kati, utakata Nigeria na Sahel, utaliacha bara kwenye pwani ya Mauritania, kisha utavuka bahari hadi New York. Unaonekana umenyooka kabisa. Ndege inayoufuata mstari huo, hata hivyo, itakuwa imezunguka.

Tatizo liko kwenye ramani. Dunia ni tufe, na hakuna namna ya kulilaza tufe kwenye karatasi bila kulinyoosha mahali fulani. Ramani nyingi za ukutani hufuata mchoro wa Gerardus Mercator wa mwaka 1569, ambao uliwekwa mahsusi kwa ajili ya mabaharia. Mstari ulionyooka juu yake una sifa moja ambayo nahodha wa wakati ule aliithamini kuliko umbali: ukiufuata, dira yako haibadiliki. Kwa safari yetu ungeshika uelekeo wa nyuzi 292 na nusu, yaani magharibi ukiegemea kaskazini, na ungeushika uelekeo huo huo tangu kuondoka hadi kufika. Mreno Pedro Nunes alikuwa ameshaonyesha mwaka 1537 kwamba njia ya namna hiyo siyo fupi kuliko zote. Nimeikokotoa kwa miji yetu miwili: inatoka kilomita 12,188. Weka namba hiyo kando, tutairudia.

Njia ya pili ya mkato ni mbaya zaidi, na inawapata hata watu waliosoma. Mtu anajua kwamba nyuzi moja ya latitudo ni kilomita 111 na kitu. Anatoa latitudo kwa latitudo, longitudo kwa longitudo, anazidisha kila tofauti kwa 111.2, kisha anatumia kanuni ya Pythagoras kama vile anapima kiwanja. Kwa safari yetu atapata kilomita 13,165. Amekosea kwa zaidi ya 1,300. Kosa ni kuichukulia longitudo kama latitudo. Mistari ya longitudo yote hukutana kwenye ncha za dunia, kwa hiyo nafasi kati ya mstari na mstari hupungua kadiri unavyoiacha ikweta. Pale Nairobi nyuzi moja ya longitudo ni kilomita 111, lakini New York ni kama 84 tu.

Njia fupi ya kweli juu ya tufe ni kipande cha duara kuu. Shika chungwa, tia alama mbili kwenye ganda popote upendapo, kisha likate ili kisu kipite kwenye alama zote mbili na pia kwenye kitovu cha chungwa. Ukingo wa mkato ule ndio duara kuu, na sehemu yake iliyo fupi kati ya alama mbili ndiyo njia fupi kuliko zote. Ikweta ni duara kuu. Kila mstari wa longitudo, ukiunganishwa na mwenzake wa upande wa pili wa dunia, ni duara kuu. Mistari ya latitudo, ukiiondoa ikweta, siyo; ndiyo maana kuruka magharibi moja kwa moja ukifuata mstari wa latitudo, mbali na ikweta, ni kupoteza mafuta.

Wasomaji wa pwani wamekwisha kukutana na jambo hili, pengine bila kulitambua, katika suala la kibla. Unguja kibla kiko karibu kaskazini kabisa na hakuna anayebishana, kwa sababu Makka na Unguja zinakaribiana sana kwa longitudo. Aliyehamia New York ndiye anayeshtuka. Makka iko kusini zaidi ya New York kwa karibu nyuzi 19 za latitudo, na ramani ya ukutani inamwambia ageukie kusini-mashariki. Misikiti mingi ya huko inaelekea kaskazini-mashariki, nyuzi 58 kutoka kaskazini. Anayeelewa duara kuu haoni ajabu: hiyo ndiyo njia fupi ya kuelekea Makka, inapanda kaskazini kwanza kabla ya kuteremka. Swali hilo hilo ndilo lililomshughulisha Abu Rayhan al-Biruni, mwanachuoni wa Khwarezm, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1025 kuhusu kupata mahali pa miji kwa usahihi. Alitaka kujua kibla cha mji wa Ghazna, na ili akipate alikokotoa tofauti za longitudo kati ya mji na mji, kuanzia Baghdad, kwa hesabu za pembetatu zinazochorwa juu ya tufe. Ni hesabu hizo hizo ambazo leo zimo ndani ya kompyuta ya rubani. Naona fahari kulitaja hili kwa sababu vitabu vya shule huruka kutoka kwa Wagiriki hadi Wareno kana kwamba katikati watu walilala.

Ukiwa na tufe la darasani unaweza kupata jibu la kukadiria bila hesabu yoyote. Chukua uzi, ushikilie Nairobi kwa kidole, ukaze hadi New York, kisha uupime kwa rula. Kwa tufe lenye kipenyo cha sentimita 30, sentimita moja ya uzi ni takriban kilomita 425, na uzi wako utakuwa na sentimita 28 kasoro kidogo. Kosa la milimita moja ni kilomita 42 hivi. Uzi pia utakuonyesha jambo ambalo hesabu hailionyeshi haraka, nalo ni jinsi njia inavyopinda kuelekea kaskazini kuliko mtu anavyotarajia.

Sasa hesabu. Tunahitaji mahali pa kila uwanja. Kila uwanja wa ndege una nukta yake rasmi, ambayo kwa kawaida iko karibu na katikati ya njia za kurukia, na nukta hiyo huchapishwa na mamlaka ya anga ya nchi husika. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko nyuzi 1.32 Kusini na nyuzi 36.93 Mashariki. Uwanja wa John F. Kennedy uko nyuzi 40.64 Kaskazini na nyuzi 73.78 Magharibi. Kanuni ni kwamba Kaskazini na Mashariki ni chanya, Kusini na Magharibi ni hasi. Kwa hiyo latitudo ya Nairobi ni -1.32, na longitudo ya New York ni -73.78.

Tofauti ya longitudo: 36.93 toa -73.78, sawa na 110.71. Hapo ndipo wengi huangukia. Anayesahau alama ya hasi hutoa 36.93 kwenye 73.78, akapata 36.85, na hesabu yake yote ikimalizika vizuri itamwambia kwamba New York iko kilomita 5,971 kutoka Nairobi. Huo ni pungufu hata ya umbali wa Nairobi na Amsterdam.

Fungua kikokotoo cha simu upande wa hesabu za kisayansi, uhakikishe kimewekwa kwenye nyuzi, siyo radiani. Zidisha sini ya latitudo ya kwanza kwa sini ya latitudo ya pili: -0.0230 mara 0.6513 ni -0.0150. Iandike. Kisha zidisha kosini ya latitudo ya kwanza kwa kosini ya latitudo ya pili, na jibu ulizidishe kwa kosini ya tofauti ya longitudo: 0.9997 mara 0.7588 mara -0.3536, ambayo ni -0.2682. Jumlisha majibu mawili: -0.2832. Sasa tafuta pembe ambayo kosini yake ni -0.2832; ni kitufe kilichoandikwa cos na kijitarakimu -1 juu yake. Pembe ni nyuzi 106.45.

Maana yake ni hii: ukisimama katikati kabisa ya dunia na kumulika tochi kuelekea Nairobi, itakubidi uizungushe nyuzi 106.45 ili imulike New York. Kilichobaki ni kugeuza pembe kuwa kilomita. Tukichukua dunia kama tufe lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371, mzingo wake ni kilomita 40,030, na kila nyuzi ni kilomita 111.195. Zidisha 106.45 kwa 111.195.

Kilomita 11,837.

Linganisha na mstari wa rula: 12,188. Duara kuu limeokoa kilomita 351. Na njia yenyewe siyo ile ya Nigeria na Mauritania. Inaondoka Nairobi kuelekea kaskazini-magharibi, nyuzi 312, inavuka ikweta kusini kidogo ya Eldoret, inapita jirani na Gulu nchini Uganda, inaingia Sudan Kusini, inagusa pembe ya Darfur, inakata Chad na jangwa la Niger, inavuka kusini mwa Algeria na kuliacha bara la Afrika pwani ya Morocco, karibu na mji wa Safi. Kisha inapita juu ya visiwa vya Azores. Katikati ya bahari, kusini mwa Newfoundland, inafika latitudo ya nyuzi 42.3 Kaskazini, ambayo iko kaskazini zaidi ya New York yenyewe, halafu inaanza kuteremka. Abiria anayetazama ramani kwenye kioo cha kiti akaona ndege iko kaskazini zaidi ya mji anaoenda asihofu. Hiyo ndiyo njia iliyonyooka.

Mzingo wa dunia kuwa karibu sana na kilomita 40,000 hakukutokea kwa bahati. Wafaransa walipobuni mita katika miaka ya 1790, waliamua iwe sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka ncha ya kaskazini hadi ikweta. Jean-Baptiste Delambre na Pierre Méchain walipima ardhi kutoka Dunkirk hadi Barcelona kwa miaka kadhaa, kuanzia 1792, ili kuipata. Robo ya dunia ikiwa mita milioni kumi, dunia nzima ni kilomita 40,000. Mabaharia na marubani nao wana kipimo chao kilichozaliwa na dunia hiyo hiyo: maili ya baharini ni dakika moja ya nyuzi, na tangu mkutano wa kimataifa wa mwaka 1929 imewekwa kuwa mita 1,852. Nyuzi 106.45 mara dakika 60 ni maili za baharini 6,387. Ukizigeuza kuwa kilomita utapata 11,829, pungufu ya jibu letu kwa kilomita nane. Hakuna aliyekosea, maili ya baharini inatokana na tufe dogo kidogo kuliko lile la kilomita 6,371.

Kanuni hii ya kosini ina udhaifu mmoja ambao anayeitumia anapaswa kuujua. Kwa umbali mrefu ni sahihi, lakini kwa umbali mfupi inaharibika mikononi mwa anayekata tarakimu. Chukua Dar es Salaam na Unguja. Pembe kati ya viwanja vyao viwili ni nyuzi 0.656, yaani kilomita 73. Kosini ya pembe hiyo ni 0.999934. Ukiikata kuwa tarakimu nne, 0.9999, kisha ukarudi kutafuta pembe, utapata nyuzi 0.81, na Unguja itasogea hadi kilomita 90. Mabaharia wa zamani waliokokotoa kwa majedwali yaliyochapishwa waliathirika na jambo hilo kila siku, na ndiyo sababu walitengeneza kanuni nyingine inayotumia nusu ya pembe badala ya pembe nzima. Mwingereza James Inman, aliyekuwa akiwafundisha maofisa wa jeshi la majini, aliipa jina la haversini mwaka 1835. Programu nyingi za kupima umbali kwenye simu bado zinaitumia. Kwa Nairobi na New York kanuni zote mbili zinatoa jibu moja.

Mtu makini atauliza: lakini dunia siyo tufe kamili. Ni kweli. Imebonyea kwenye ncha na kutuna kwenye ikweta. Nusu kipenyo chake ikweta ni kilomita 6,378, na kwenye ncha ni 6,357. Kwa sababu hiyo jibu la tufe linaweza kupotoka hadi nusu asilimia hivi, ingawa kwa safari nyingi, ikiwemo yetu, kosa ni dogo kuliko hapo. Mwaka 1975 Thaddeus Vincenty alichapisha njia ya kuihesabu dunia iliyobonyea, ambayo usahihi wake unafika chini ya milimita. Hakuna ndege inayohitaji milimita, lakini mpima ardhi anaihitaji, na kwa kuwa kompyuta haichoki, mifumo mingi ya leo hutumia njia kama hiyo. Ukiona tovuti moja inasema 11,837 na nyingine inapishana nayo kwa kilomita chache, chanzo ni hicho tu.

Tumepata umbali wa dunia. Umbali wa ndege ni jambo jingine, na hapa ndipo ningependa msomaji atulie, kwa sababu mara nyingi namba mbili hizi huchanganywa.

Kwanza, ndege haitambai ardhini. Ikiruka kilomita 11 juu, duara lake ni kubwa zaidi, na safari yetu inaongezeka kilomita 20 hivi. Hilo ni dogo. La pili ni kubwa zaidi: ndege hufuata njia za anga zilizopangwa, na kila nchi ina mamlaka juu ya anga yake. Itazame tena orodha ya nchi zilizo chini ya duara letu. Vita vilipozuka Sudan tarehe 15 Aprili 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa kwa ndege za abiria. Mwaka huo huo, baada ya mapinduzi ya Niger, watawala wapya walifunga anga yao tarehe 6 Agosti, na haikufunguliwa hadi Septemba. Ndege zilizokuwa zikipita huko zililazimika kuzunguka, na kila mzunguko ni mafuta na saa. Jiometri ya al-Biruni haikubadilika hata kidogo, ila njia iliyo fupi haikupitika.

Tatu ni bahari. Ndege ya injini mbili lazima iweze kufika uwanja wa dharura kwa injini moja ndani ya muda ulioidhinishwa kwa aina yake na kwa shirika linaloirusha. Boeing 787 iliidhinishwa na mamlaka ya anga ya Marekani mwaka 2014 kwa hadi dakika 330, muda mrefu sana, na njia yetu ina bahati ya kupita Azores. Visiwa hivyo vina uwanja wa Lajes, katika kisiwa cha Terceira, ambao marubani wa Atlantiki wanaujua vizuri. Tarehe 24 Agosti 2001 ndege ya Air Transat iliyokuwa ikitoka Toronto kwenda Lisbon iliishiwa mafuta yote juu ya bahari kwa sababu ya kuvuja. Rubani aliielekeza ikielea bila injini hadi Lajes, na watu wote 306 waliokuwamo wakapona. Kilomita chache za kukaribia kisiwa si za kuonewa uchungu.

Nne, upepo. Nahodha wa jahazi alijua kuwa safari ya kusi na safari ya kaskazi hazilingani hata kama bandari ni zile zile. Katika latitudo za kati za kaskazini, pepo kali za anga za juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo anayekwenda New York anakumbana na upepo wa mbisho katika sehemu ya Atlantiki, na anayerudi anasukumwa. Rubani hupima safari yake kwa hewa atakayoipita. Chukua mfano: ndege inakwenda kilomita 900 kwa saa ndani ya hewa, na upepo wa mbisho wa wastani wa kilomita 50 kwa saa unaikabili njia nzima. Juu ya ardhi inasogea kilomita 850 tu kwa saa. Itatumia saa karibu 14, na ndani ya saa hizo itakuwa imepita kilomita zaidi ya 12,500 za hewa ili kufika mahali palipo kilomita 11,837. Boeing inaeleza kwamba 787-8 inaweza kwenda kilomita takriban 13,530. Kwenye karatasi kuna ziada ya kutosha, lakini ukiondoa upepo, akiba ya mafuta inayotakiwa kisheria, na ugumu wa kuruka na mzigo mzito kutoka Nairobi, ambako uwanja uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi, ziada hiyo inayeyuka. Ndiyo sababu mara nyingine njia bora ya siku siyo duara kuu. Rubani huchagua njia ndefu kwa kilomita yenye upepo mwepesi, na hufika mapema.

Pamoja na hayo yote, duara kuu ndilo linalobaki kuwa kipimo cha haki, kwa sababu haliwezi kubadilishwa na upepo, vita wala shirika. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 kuhusu fidia ya abiria inapanga malipo kwa umbali, kwa mipaka ya kilomita 1,500 na 3,500, na inaagiza kwamba umbali huo upimwe kwa duara kuu. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hata kama abiria alibadilisha ndege njiani, kinachohesabiwa ni duara kuu kati ya mahali alipoanzia na mwisho wa safari yake, siyo jumla ya vipande. Msomaji anayesafiri kati ya Ulaya na Afrika Mashariki ana sababu ya kuikumbuka hukumu hiyo. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, nalo linapokadiria hewa ukaa ya safari huanza na duara kuu, kisha kwa safari zinazozidi kilomita 5,500 huongeza kilomita 125 kufidia mizunguko. Naona ni utaratibu mzuri: anza na kisichobishaniwa, halafu sema wazi umeongeza nini.

Hesabu hii pia inafichua mambo ambayo bei ya tiketi haisemi. Nairobi hadi Amsterdam ni kilomita 6,677, na Amsterdam hadi New York ni 5,847. Jumla ni 12,524, kilomita 687 tu zaidi ya njia ya moja kwa moja, ingawa kwa macho Amsterdam inaonekana iko kaskazini mno. Kupitia Dubai ni kilomita 3,559 kisha 11,001, jumla 14,560. Anayepita Dubai anaongeza kilomita 2,723, na kipande chake cha pili peke yake kinakaribia urefu wa safari nzima ya moja kwa moja.

Sasa ni zamu yako. Safari ya kufanyia zoezi ni ile ambayo wafanyabiashara wengi wa Kariakoo wanaijua, Dar es Salaam hadi Guangzhou. Uwanja wa Julius Nyerere uko nyuzi 6.88 Kusini na 39.20 Mashariki. Uwanja wa Guangzhou uko nyuzi 23.39 Kaskazini na 113.30 Mashariki. Fuata hatua zile zile, bila kukata tarakimu mapema. Jibu ni kilomita 8,711. Ukipata 8,085 hivi, umesahau kuwa Dar es Salaam iko kusini mwa ikweta. Weka alama ya hasi, uhesabu upya.